Nyumba ya mawe haipozwi na mawe peke yake

"Jiwe ndilo linalopoza nyumba." Kauli hii husikika sana kwa wanaonunua au kurithi nyumba za kale za Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar, nayo ni nusu ya ukweli. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa, wenye unene wa karibu nusu mita, huchelewa kupata joto. Lakini usiku wa pwani, kwa unyevu wake, haupoi sana, hivyo ukuta uliopigwa na jua kutwa huirudisha hari ndani wakati watu wamelala. Nyumba huokolewa na kivuli na upepo: vichochoro vyembamba ambamo kuta hukingiana jua, kiwanda cha ndani, yaani ua ulio wazi juu, kinachotoa hewa ya moto juu, na makuti yanayoezekwa juu ya paa bapa. Anayefunika kiwanda kwa bati ili apate chumba cha ziada, kisha akafunga kiyoyozi, amejiondolea mwenyewe kilichokuwa kikimpoza bure.

Dhana inayoharibu zaidi, na inayoniuma kila niionapo, ni kwamba saruji ni imara kuliko chokaa, basi nyumba ipigwe lipu ya saruji. Unyevu na chumvi hupanda kutoka ardhini. Chokaa huviacha vitoke, saruji huvifungia ndani. Baada ya masika kadhaa, gonga ukuta kwa kifundo cha kidole utasikia sauti ya uwazi, na kipande kikibanduka, nyuma yake kuna unga mweupe wa chumvi na udongo unaomwagika. Mwashi ajuaye kazi yake huibandua saruji yote, huuacha ukuta ukauke, kisha hupaka chokaa na mchanga kwa matabaka membamba, akinyunyiza maji ili yasikauke upesi.

Wembamba wa vyumba nao si upungufu wa ustadi: boriti za mikoko hazivuki upana wa takriban mita 3.

Wala si kweli kwamba ujenzi huu haukudhuru mazingira. Chokaa ilipatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya magogo mengi, na boriti zilikatwa mikokoni. Kwa hiyo faida kubwa imo katika kuitunza nyumba iliyokwisha kusimama: kuzibua mifereji ya paa kabla ya masika, na kubadilisha boriti moja iliyooza ncha pale inapoingia ukutani, zilizo nzima zikiachwa mahali pake.