Elimu maalum katika shule za umma Marekani: yanayosemwa na yaliyo kweli

Mzazi anayezungumza Kiswahili nchini Marekani mara nyingi husikia habari za elimu maalum kutoka kwa jirani au ndugu kabla ya kuzisikia shuleni. Baadhi ya habari hizo ni sahihi. Nyingine humgharimu mtoto mwaka mzima wa masomo, na mwaka wa darasa la kwanza haurudi.

Sheria inayotawala jambo hili ni ya taifa zima. Inaitwa IDEA, kifupi cha Individuals with Disabilities Education Act, yaani sheria ya elimu ya watu wenye ulemavu. Ilipitishwa mwaka 1975 kwa jina jingine, ikapata jina la sasa mwaka 1990, na ikafanyiwa marekebisho makubwa mwaka 2004. Inazibana wilaya zote za shule za umma, na inawahusu watoto wenye ulemavu kuanzia miaka 3 hadi 21. Aliye chini ya miaka 3 ana mpango wake tofauti unaoendeshwa na jimbo, na huyo naye asisubiri.

"Bado hajui Kiingereza. Tumpe miaka 2 kwanza."

Hakuna dhana inayochelewesha watoto wetu kuliko hii. Mwalimu huisema kwa nia njema, na mzazi huipokea kwa sababu inamtuliza. Sheria inasema mambo mawili. Mtoto asihesabiwe kuwa na ulemavu kwa sababu tu Kiingereza hakijakaa sawa. Vilevile, kutojua Kiingereza si kisingizio cha kumnyima tathmini, yaani kupimwa na shule kama ana ulemavu unaohitaji elimu maalum. Tathmini yenyewe inatakiwa ifanyike kwa lugha ya mtoto, kwa namna itakayoonyesha anachokijua na anachokiweza, isipokuwa pale ambapo ni wazi kwamba haiwezekani. Na mtoto anaweza kupata masomo ya Kiingereza na elimu maalum kwa wakati mmoja. Kimoja hakifuti kingine.

Swali la msingi ni hili: je, shida ipo kwenye Kiswahili pia? Mtoto wa miaka 6 akisema "buku" pale Mmarekani anaposema "book", hana tatizo la usemi. Maneno yetu huishia kwa irabu, naye anaiweka. Akimwita mama yake "he", anatafsiri "yeye", neno lisilojali mwanamke wala mwanamume. Mpimaji asiyejua hayo anaweza kuyahesabu kuwa makosa, kwa hiyo mwandikie kabla ya siku ya kupima.

Lakini mtoto huyohuyo akiambiwa kwa Kiswahili, "Chukua kikombe, kipeleke jikoni, halafu niletee taulo," akaishia kwenye kikombe kila siku, wakati ndugu zake walilimudu hilo kwa umri wake. Au akishindwa kusimulia alichokula jana kwa lugha ya nyumbani. Hapo Kiingereza hakihusiki. Andika mifano 5 au 6 ya namna hiyo, kila mmoja na tarehe yake, uipeleke.

Jambo jingine husahaulika mno. Kwenye fomu ya kuandikisha shule, familia nyingi hujaza "Kiswahili" hata kama mtoto alianza kusema kwa Kibembe au Kinyamulenge. Na Kiswahili chenyewe si kimoja: mtoto aliyekulia kwenye Kiswahili cha Lubumbashi au Bukavu akisema "kitabu yangu", hajakosea kwa lugha ya kwao. Mkalimani aliyezoea Kiswahili sanifu anaweza kumripoti vibaya bila kukusudia. Taja lugha ya kwanza ya mtoto, na taja ni Kiswahili cha wapi.

Tena, jaribio lililoundwa kwa watoto wanaozungumza Kiingereza, likatafsiriwa papo hapo na mkalimani, halitoi alama za kutegemewa, kwa sababu viwango vyake vilipatikana kwa watoto wengine kabisa. Omba mpimaji atumie pia mahojiano na mzazi, kumtazama mtoto darasani na uwanjani, na kumsikiliza akisimulia hadithi kwa lugha yake.

"Nilishamwambia mwalimu."

Maneno ya mlangoni hayaibani shule kwa muda wowote. Kinachosukuma mambo ni ombi la maandishi. Kwa mwalimu mkuu na kwa ofisi ya elimu maalum ya wilaya, andika barua au barua pepe fupi namna hii:

"Mimi ni mzazi wa (jina), darasa la 2. Naomba afanyiwe tathmini kamili ya elimu maalum. Nina wasiwasi kwamba anashindwa kusoma maneno mafupi na anasahau maagizo kwa lugha zote mbili. Naomba mkalimani wa Kiswahili. Naomba mnijibu kwa maandishi."

Weka tarehe, saini, na ubaki na nakala. Sheria haidai barua iwe kwa Kiingereza.

Hapa kuna mtego. Siku 60 zinazotajwa sana za kukamilisha tathmini, au muda ambao jimbo limejipangia, huhesabiwa tangu wilaya ipokee fomu uliyosaini ya kuridhia mtoto apimwe. Hazihesabiwi tangu barua yako ifike. Kwa hiyo muda hupotea kati ya barua na fomu. California inataka mpango wa tathmini umfikie mzazi ndani ya siku 15. Texas inaipa wilaya siku 15 za shule kujibu ombi la maandishi. Penye ukimya, andika tena. Fomu ikifika, isome, isaini na uirudishe siku hiyohiyo kama unakubali. Ridhaa hiyo ni ya kupima tu. Kuanza huduma kunahitaji ridhaa nyingine.

Shule ikisema "kwanza tumalize wiki 12 za msaada wa darasani," jua kwamba Wizara ya Elimu ya Marekani iliyaandikia majimbo mwaka 2011 kuwa hatua hizo zisitumiwe kuchelewesha wala kukataa tathmini. Msaada na tathmini vinaweza kwenda pamoja. Wilaya inaweza kukataa kupima, lakini ikikataa inalazimika kukupa notisi ya maandishi yenye sababu, kwa lugha unayoielewa isipokuwa pale isipowezekana kabisa. Idai notisi hiyo. Mara nyingi kukataa kwa mdomo hulegea kukitakiwa kuandikwa.

"Daktari ameshasema ana usonji, basi shule imelazimika."

Si moja kwa moja. Shule huangalia mambo mawili: je, mtoto anaingia katika mojawapo ya aina 13 za ulemavu zilizomo kwenye sheria, na je, kwa sababu hiyo anahitaji mafundisho maalum? Cheti cha daktari lazima kizingatiwe, lakini peke yake hakitoshi. Kinyume chake pia ni kweli: shule haiwezi kukwambia ukalipie daktari kwanza ndipo impime mtoto. Tathmini ya shule ni bure. Na usipokubaliana na matokeo yake, unaweza kuomba kwa maandishi mpimaji wa nje kwa gharama ya wilaya. Wilaya italipa, au itafungua shauri kutetea tathmini yake. Haina njia ya tatu ya kukaa kimya.

Asiyehitaji mafundisho maalum anaweza bado kulindwa na Kifungu cha 504 cha sheria ya mwaka 1973, kinachokataza ubaguzi kwa sababu ya ulemavu: muda wa ziada kwenye mtihani, kukaa mbele, kupewa dawa kwa wakati. Uliza kuhusu hicho kabla hujaondoka kwenye kikao cha kujadili matokeo ya tathmini.

"Watamfungia kwenye chumba cha peke yake."

Hofu hii ina mizizi, maana kabla ya 1975 watoto wengi wenye ulemavu nchini humo walifungiwa nje ya shule kabisa. Lakini leo mahali pa kuanzia ni darasa la kawaida. Mtoto huondolewa humo pale tu ambapo, hata akipewa vifaa na msaidizi, haiwezekani kujifunza kwa kuridhisha. Elimu maalum ni huduma inayoweza kumfuata mtoto alipo; si lazima iwe chumba. Kuna watoto ambao huduma yao yote ni dakika 30 za mtaalamu wa usemi mara 2 kwa wiki.

Na wanaohofia kwamba "jina la ulemavu litamharibia": kumbukumbu za mtoto za elimu maalum zinalindwa na sheria ya siri za wanafunzi ya mwaka 1974. Mzazi pia anaweza kusitisha huduma wakati wowote kwa kuandika.

"Dada yake atatafsiri kwenye kikao."

Asitafsiri. Wilaya ndiyo yenye wajibu wa kuhakikisha mzazi anaelewa kinachosemwa, ikiwa ni pamoja na kuleta mkalimani bila malipo. Binti wa miaka 14 hawezi kubeba maneno ya mwanasaikolojia kuhusu mdogo wake, wala haifai kumbebesha. Omba mkalimani tangu mwaliko unapofika. Siku ya kikao mwambie atafsiri kila kinachosemwa, asifupishe. Wakizungumza dakika 3 naye akakupa sentensi moja, simamisha kikao. Si utovu wa adabu.

"Wao ndio wasomi, mimi nasaini tu."

Kwa mila zetu mwalimu hapingwi, na heshima hiyo ni nzuri. Ila katika kikao cha IEP, yaani mpango wa elimu wa mtoto mmoja, sheria inamweka mzazi kuwa mjumbe kamili. Wajumbe wengine ni mwalimu wa darasa la kawaida, mwalimu wa elimu maalum, anayeweza kufafanua matokeo ya tathmini, na mwakilishi wa wilaya. Huyo wa mwisho mchunguze: anatakiwa ajue rasilimali za wilaya na aweze kuzitoa. Akisema kila mara "nitauliza ofisini," basi mtu anayetakiwa hajaja.

Ukiishika IEP, nenda kwenye malengo. "Atasoma vizuri zaidi" si lengo, kwa sababu mwakani hakuna atakayejua kama limefikiwa. Lengo linalofaa huanzia alipo mtoto: "Sasa anasoma maneno 28 kwa dakika. Ifikapo mwezi Mei, akipewa kifungu cha darasa la 2, atasoma maneno 60 kwa dakika akikosea yasiyozidi 3, katika majaribio 4 kati ya 5." Kisha tazama jedwali la huduma: ni dakika ngapi, mara ngapi kwa wiki, nani anatoa, wapi, kuanzia lini. Neno "inapohitajika" likikaa mahali pa namba, omba namba. Mwaka 2017, katika kesi ya Endrew F., Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba mpango lazima ulenge maendeleo yanayolingana na hali ya mtoto, wala si hatua ndogo ya kutajwa tu.

Unaruhusiwa kwenda na rasimu nyumbani. Ukisaini mahudhurio, andika pembeni "nimehudhuria tu". Huduma za mara ya kwanza hazianzi bila ridhaa yako. Kwa mabadiliko ya miaka inayofuata majimbo hutofautiana, kwa hiyo kama hukubali, andika mapema. IEP hupitiwa angalau mara 1 kwa mwaka, na tathmini hurudiwa angalau kila baada ya miaka 3.

"Wilaya haina pesa" na "Hatuna makaratasi."

Ukosefu wa pesa au wa mtaalamu hauondoi haki ya mtoto. Texas iliwahi kuzipima wilaya zake kwa kigezo cha kutozidi asilimia 8.5 ya wanafunzi katika elimu maalum. Januari 2018 serikali ya taifa ilitamka kwamba jimbo lilivunja sheria. Kuhusu makaratasi, Mahakama Kuu iliamua mwaka 1982, katika kesi ya Plyler dhidi ya Doe, kwamba shule ya umma haimfungii mlango mtoto kwa sababu ya hali yake ya uhamiaji.

"Shule imepiga simu nikamchukue, basi nimchukue."

Ukimchukua saa 5 asubuhi kila Jumanne kwa sababu ya tabia, mtoto anaondolewa shuleni bila kuandikwa popote. Sheria huhesabu siku: kumwondoa kunapozidi siku 10 za shule mfululizo, au siku zilizogawanyika zinazozidi 10 kwa jumla na zenye mfuatano unaofanana, ni lazima ndani ya siku 10 za shule kikao kiamue kama tabia ile inatokana na ulemavu, au na IEP kutotekelezwa. Siku zisizoandikwa ni rahisi kutohesabiwa. Kwa hiyo kila simu ikija, uliza: "Je, huku ni kumsimamisha? Naomba iwe kwa maandishi." Weka daftari la tarehe, saa na jina la aliyepiga.

"Akifika miaka 18 yote yanakwisha."

Akifika 18, katika majimbo mengi haki ya kusaini huhamia kwake mwenyewe. Huduma zenyewe hazikomi. Kinachozikomesha kabla ya umri kufika ni diploma ya kawaida ya sekondari. Cheti cha kuhudhuria au cha kukamilisha hakizikomeshi. Kijana wa miaka 18 ambaye bado anahitaji mafunzo ya kazi au ya kupanda basi peke yake anaweza kuendelea kuyapata kwenye IEP yake, ikiwa diploma haijatolewa. Mipango ya maisha ya baada ya shule inatakiwa iwemo kwenye IEP itakayotumika atakapotimiza miaka 16. Kwa hiyo kwenye kikao cha IEP hiyo uliza wazi, na jibu liandikwe: mtoto huyu anaelekea kwenye diploma au kwenye cheti, na tarehe ni ipi?