Kwa nini klabu yetu ya kompyuta hurudi shuleni na brashi ya rangi

Kompyuta za msaada zinazopelekwa mashuleni huku kwetu hazifi kwa uzee. Naanza na hilo kwa sababu watu wakisikia kwamba kuna klabu ya watumiaji wa kompyuta Dodoma inayojitolea, wanachokiona kichwani ni siku ya makabidhiano: mashine zimepangwa mezani, mgeni rasmi anatoa nasaha, wanafunzi wanapiga makofi. Siku hiyo ipo na ina raha yake. Mimi ni fundi wa vifaa, na zamu yangu huja miezi kadhaa baadaye, mwalimu anapopiga simu: "Fundi, zile kompyuta zenu nusu yake haziwaki."

Klabu yenyewe si kubwa. Tunakutana Jumamosi. Wengi ni wanafunzi wa vyuo, hasa wa Chuo Kikuu cha Dodoma, kisha kuna walimu, watumishi wa umma waliohamia na serikali, na wastaafu wachache ambao kwa subira wanatushinda sote. Mmoja wao hachoki kuwakumbusha vijana kwamba kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na kwamba mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuziingiza. Vijana hucheka, halafu wanaenda kutafuta kama ni kweli. Ni kweli. Hakuna anayelipwa, na nauli ya kwenda Bahi au Chamwino tunachangishana. Siku hizi tunapanga kwanza ziara za kurudi tulikokwisha kupeleka mashine, ndipo tunaangalia kama zimebaki siku za kupeleka mpya. Nieleze kwa nini.

Muuaji wa kwanza ni vumbi. Mvua za Dodoma ni za msimu mmoja, kuanzia Desemba hivi hadi Aprili. Miezi iliyobaki ni ukavu na upepo. Kompyuta ya mezani ina feni inayovuta hewa ya nje, kuipitisha kwenye mapezi ya alumini yaliyokaa juu ya prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, kisha kuitoa nyuma. Chumba kikiwa na madirisha ya wavu mtupu na uwanja wa mchanga mbele yake, feni hiyo inavuta uwanja. Kiangazi kimoja tu, mapezi yamezibwa na tandiko la vumbi mithili ya blanketi, na joto linakosa pa kutokea. Prosesa za sasa zina kinga: joto likikaribia nyuzi 100 za Selsiasi hujipunguzia mwendo zenyewe, likizidi hujizima. Mwalimu haoni joto. Anaona Word inachukua dakika nzima kufunguka, anasema hii ina virusi, anaipakia kwenye bodaboda hadi mjini, fundi anapiga Windows upya, shule inalipa, mashine inarudi nzito vilevile. Windows yenyewe haikuwa na kosa.

Kwa hiyo tunakwenda na brashi mpya za kupakia rangi, kwa kuwa nywele zake ni laini na zinaingia pembeni, pamoja na blowa ndogo. Mashine tunazitoa nje, chini ya mti, kwa sababu kupuliza vumbi ndani ya chumba ni kulihamisha kutoka kompyuta hii kwenda ile. Kabla ya kupuliza, shika feni kwa kidole isizunguke. Wanafunzi hupenda kuiona ikilia kama king'ora, lakini mwendo ule unaua beringi zake, na feni inayozungushwa kwa nguvu inaweza kurudisha umeme kwenye bodi. Na kabla ya kugusa chochote ndani, gusa bati la kasha. Hewa kavu ya Agosti inajaza mwili umeme tuli, ule unaokurusha ukishika kitasa cha mlango, na cheche usiyoihisi inatosha kuharibu ramu, kile kijibati cha kumbukumbu ya muda.

Nikishataja ramu: mashine inayowaka, feni inazunguka, inalia "pi, pi, pi" na skrini imebaki nyeusi, mara nyingi haijafa. Chomoa ramu, sugua meno yake ya rangi ya dhahabu kwa kifutio cha penseli, pangusa mabaki, rudisha mpaka isikike ikibana. Kwenye shule moja tuliyorudi, mashine zilizokuwa zimeandikwa "mbovu" kwa chaki zilifufuka kwa kifutio cha mwanafunzi wa kidato cha pili, na ni yeye aliyesugua.

Kuna ubovu mwingine mdogo ambao unawachanganya hata watu wazoefu. Ndani ya bodi kuna betri bapa ya volti 3, aina ya CR2032, inayotunza saa wakati kompyuta imezimwa. Ikiisha, kila asubuhi kompyuta inaamka ikidhani ni mwaka wa zamani. Ungesema tarehe si kitu. Lakini tovuti salama zote zina cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, na kivinjari kinalinganisha cheti hicho na saa ya mashine. Saa ikirudi nyuma miaka kumi, cheti kinaonekana bado hakijaanza kutumika, na kivinjari kinakataa kufungua kikidai muunganisho si salama. Shule inalaumu bando, inalaumu mnara, inabadilisha laini. Dawa ni betri ya duka la saa.

Umeme nitaupitia haraka kwa sababu kila mtu anaujua. Ukikatika, madhara makubwa huja unaporudi, ukiwa juu au ukiyumba. Tunawafundisha wanafunzi wa zamu kuchomoa plagi ukutani mara tu taa zikizimika, na kusubiri utulie kabla ya kurudisha. Ndiyo sababu pia tunapendelea laptopu hata kama skrini yake ni ndogo: betri yake ni kinga, na inakula umeme kidogo kuliko kompyuta ya mezani yenye skrini pembeni. Kwa shule inayotegemea sola, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama kipindi kitafanyika.

Sasa flashi. Hapa nitakaa, kwa sababu ndipo walimu wanapopoteza kazi zao.

Mtihani wa muhula unaandikwa stesheneri, unasafiri kwenye flashi hadi shule, unachapwa ofisini, flashi inaazimwa na mwalimu mwingine anayekwenda stesheneri nyingine. Kila kituo ni nafasi ya kirusi kile ambacho mtaani kinaitwa cha shotikati, yaani njia ya mkato ya kufungulia faili. Unachomeka flashi, unaona mafolda yako yote yamekuwa na kishale kidogo pembeni ya picha, au kuna shotikati moja tu yenye jina la flashi. Kilichotokea ni kwamba kirusi kimeyaficha mafaili halisi kwa kuyapa sifa ya mafaili ya mfumo, ambayo Windows kwa kawaida haiyaonyeshi, na mahali pake kimeweka shotikati zinazofanana nayo. Ukibofya, shotikati inaendesha kirusi kwanza, halafu inakufungulia folda lako halisi. Ujanja uko hapo: folda linafunguka, kwa hiyo huna sababu ya kushtuka. Kuanzia dakika hiyo kompyuta inaambukiza kila flashi itakayochomekwa.

Mwalimu asiyejua hufanya moja kati ya mambo mawili. Ama anazifuta shotikati na kuona flashi tupu, anaamini kazi imepotea; ama anakubali ushauri wa kuifomati, na hapo kweli imepotea. Usifomati. Bofya kulia kwenye flashi utazame nafasi iliyotumika: ikisema imejaa nusu na wewe huoni kitu, vitu vyako vimo. Fungua dirisha la amri (Command Prompt), hakikisha flashi yako imepewa herufi gani, tuseme E, kisha andika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* na ubonyeze Enter. Mafolda yanarudi. Nakili mafaili yako pekee, usinakili shotikati wala faili lolote usilolitambua, ndipo ufomati. Nimeona mwalimu wa taaluma akikaa chini na kushika kichwa kwa furaha aliporudishiwa mitihani ya madarasa manne, kwa amri ya mstari mmoja ambayo mwanafunzi wetu wa mwaka wa kwanza aliisoma kutoka kwenye karatasi.

Ila kusafisha flashi huku kompyuta ya ofisi ina kirusi ni kuchota maji kwa tenga. Kwa hiyo tunaacha mashine moja mlangoni mwa chumba yenye Linux, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows, na sheria ya chumba ni kwamba kila flashi inapitia hapo kwanza. Kirusi kile kimeandikwa kwa ajili ya Windows. Kwenye Linux hakiendeshwi kwa kubofya, na mafaili yaliyofichwa namna ile yanaonekana wazi pamoja na shotikati zenyewe. Hata mwanafunzi anayaona na kujua kipi kifutwe.

Hilo la Linux lina ubishi klabuni mpaka leo. Vijana wangependa kila mashine iwe nayo. Mimi siko upande wao moja kwa moja. Mwanafunzi akimaliza shule ataenda ofisi au stesheneri yenye Windows na Word, na mwalimu akishindwa kufungua jedwali la matokeo alilotumiwa, ataiacha kompyuta yetu ikae. Lakini hesabu imebadilika tangu tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft ilipositisha msaada wa kawaida wa Windows 10. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kwa upande wa Intel inataka prosesa za kizazi cha nane kwenda juu. Kompyuta nyingi zinazotolewa maofisini sasa ni zile zilizoshindwa mtihani huo, huku zikiwa nzima kabisa. Ukiipa ya namna hiyo ramu ya gigabaiti 8, ukaitoa diski ya kuzunguka na kuweka SSD, diski ya chipu isiyozunguka, kisha ukaweka Linux Mint, aina mojawapo ya Linux, na LibreOffice, programu ya bure ya kazi za ofisi, ina miaka kadhaa ya kazi mbele. Na LibreOffice inafungua mafaili ya Word, ingawa mpangilio wa majedwali magumu wakati mwingine unacheza. Wenye kumbukumbu ndefu watakumbuka Jambo OpenOffice ya mwaka 2004, iliyotafsiriwa kwa Kiswahili na mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wazo lile lilikuwa sahihi. Shule za kulipokea zilikuwa bado hazina mashine.

Tunaongeza Kiwix, programu inayosoma nakala ya Wikipedia bila intaneti. Wikipedia ya Kiswahili, yenye makala zaidi ya 80,000, inaenea kwenye flashi ya kawaida. Ya Kiingereza yenye picha ni takriban gigabaiti 100, hiyo inataka diski yake. Shule ya msingi inatosheka na ya kwanza. Sekondari wanataka zote mbili.

Kuhusu kupokea mashine: ofisi nyingi zimejaa Dodoma, na watu hudhani tunaokota tu. Mali chakavu ya umma ina taratibu zake za kuondolewa kwenye daftari, na bila barua hatugusi hata kibodi. Za kampuni na watu binafsi tunapokea, ila kazi ya kwanza ni kufuta diski kwa programu inayoandika upya juu ya kila sehemu. Kufomati kwa haraka hakutoshi, kwani taarifa hubaki na hurudishwa na yeyote mwenye programu ya bure. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatumika tangu Mei 2023, na diski ya ofisi ya uhasibu yenye namba za NIDA za wafanyakazi haipaswi kuishia mikononi mwa watoto wa darasa la sita.

Jumamosi zisizo na safari tunakaa mjini kuwasaidia watu na mifumo ya mtandaoni: maombi ya Ajira Portal, ya Bodi ya Mikopo, kubana vyeti vya PDF visizidi ukubwa unaotakiwa. Nilidhani shida ingekuwa kutumia kompyuta. Shida kubwa imekuwa barua pepe. Kijana anafunguliwa barua pepe na mhudumu wa stesheneri, nywila inabaki kwa mhudumu, namba ya simu iliyosajiliwa ni ya mhudumu, na miaka mitatu baadaye ujumbe wa kuitwa kwenye usaili unaingia mahali ambapo mwenyewe hawezi kufungua. Simlaumu sana mhudumu, ana foleni. Sisi tunao muda, kwa hiyo kanuni yetu ni kwamba aliyekuja ndiye anayeshika maus na ndiye anayeandika nywila, nasi tunageuka pembeni. Mama mmoja mtu mzima alinuna kwamba tunamchelewesha. Wiki iliyofuata alimleta mwanawe na kumfundisha mwenyewe, kwa sauti ambayo chumba kizima kiliisikia.

Shule inayotaka kompyuta kutoka kwetu sasa tunaiomba mambo mawili kabla ya kuzungumzia idadi. Chumba chenye madirisha yanayofungika, kikiwa na sakafu inayopigwa deki badala ya kufagiliwa. Na walimu wawili, si mmoja, watakaokuja kujifunza kufungua kasha, kwa sababu mwalimu mmoja huhamishwa. Wakikosa hayo hatuwakatalii. Tunawawekea nafasi, tunawapelekea brashi, na tunawapigia simu mvua zikikatika.