Vipande vya kitambaa: chagua uzito kwanza, rangi baadaye

Mtu akitaka kushona zawadi ndogo kwa vipande vilivyobaki, kwa kawaida huzamisha mkono mfukoni na kuibuka na kile kilichompendeza macho. Kipochi kikiisha kinalegea upande mmoja, kimejipinda kwenye zipu, naye analaumu cherehani. Mara nyingi cherehani haina kosa. Rangi ilichaguliwa kabla ya kitambaa.

Vipande vyangu nimevitenga kwa uzito. Vyepesi, kama pamba ya shati, vina mfuko wao. Kitenge na shuka ni fungu la kati. Jinzi na turubai ni vizito. Vinavyovutika, vile vya fulana, navitenga kabisa, kwa sababu ukikiunganisha kitambaa kinachovutika na kisichovutika, mshono unakunjamana na pasi haikusaidii. Chepesi na kizito vinaweza kuishi pamoja kwa sharti moja: kile chepesi kibandikwe gamu, yaani kitambaa cha kukazia kinachobandikwa kwa pasi, kwa nyuma ili kipate mwili. Bila hivyo kizito kitakivuta, na baada ya kufuliwa mara kadhaa utaona nyuzi zimeanza kuachana kandokando ya mshono.

Baada ya uzito, jua kitambaa kimetengenezwa na nini. Chomoa nyuzi chache, zishike kwa kibano juu ya bakuli la maji, kisha ziguse kwa moto. Pamba inawaka haraka, inanuka karatasi iliyoungua, na jivu lake ni laini, linasagika vidoleni. Poliesta inaukimbia moto, inayeyuka, na ikipoa inaacha kishanga kigumu. Mchanganyiko wa hizo mbili huonyesha dalili za zote. Ukishona kibegi cha vipodozi tofauti hiyo si kitu, lakini kwenye kishikio cha sufuria ndiyo kila kitu: poliesta inaweza kuyeyuka ikigusa chuma cha moto, ikaganda kwenye sufuria au kwenye ngozi ya mtu. Kishikio ni pamba tupu, nje na ndani, pamoja na uzi wa kushonea.

Mimi hukishona kwa miraba miwili ya sentimita 20, na katikati naweka taulo kuukuu la pamba lililokunjwa mara mbili au vipande viwili vya jinzi isiyovutika. Kabla ya kuzungushia pindo napitisha mistari ya mshono kutoka pembe hadi pembe, ili vilivyo ndani visikusanyike upande mmoja vikifuliwa. Ukimpa mtu zawadi hii mwambie neno moja: asikitumie kikiwa kimelowa. Maji yanapitisha joto upesi kuliko kitambaa kikavu, na mkono utaungua hata kishikio kiwe kinene namna gani.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hulipuuza kwa sababu kipande ni kidogo, nalo ni mwelekeo wa nyuzi. Kipande kilichokatwa kutoka katikati ya gauni hakina tena ukingo wa kiwandani wa kukuonyesha urefu ni upi. Kishike kwa mikono miwili ukivute pande zote. Upande usiotaka kuvutika kwa kawaida ndio mtande, yaani nyuzi za urefu. Ule unaovutika kidogo ni mshindio. Ukikivuta kwa mshazari, pembe kwa pembe, kitanyumbuka kuliko kote. Kata kipochi kwa kufuata mtande, na mshazari uutunzie pindo za kuzungushia mikunjo, maana ndio unaokubali kupinda bila kujikusanya. Kipande kilichokaa mshazari chenyewe, usilazimishe kiwe mraba wa kipochi. Kikate vipande vyembamba, uviunganishe kuwa utepe.

Tuje kwenye kipochi cha zipu, kwa kuwa ndicho kinachoombwa zaidi na ndicho kinachowashinda wengi. Kata vipande viwili vya nje na viwili vya bitana, vyote sentimita 22 kwa 15, ukihesabu sentimita moja ya mshono kila upande. Tafuta zipu ya nailoni. Hiyo unaikata kwa mkasi kwa urefu unaotaka na sindano inapita juu ya meno yake. Ya chuma itakuvunjia sindano. Ikate ibaki kama sentimita 19, ukihakikisha kichwa cha zipu kimebaki upande wako, kisha kila ncha ishonee kijipande cha kitambaa kilichokunjwa ili zipu nzima ifikie upana wa kipochi. Siri ya kona safi ni hicho kijipande. Mshono wa pembeni utapita juu ya kitambaa peke yake, si juu ya meno, hivyo kona haitavimba.

Laza kitambaa cha nje uso juu, zipu uso chini juu yake, bitana uso chini juu ya zipu. Shona kwa mguu wa cherehani wa kushonea zipu, geuza, piga pasi, kisha pitisha mshono wa juu karibu na meno ili bitana isije ikanaswa na kichwa cha zipu. Rudia upande wa pili. Kabla ya kushona mzunguko wa mwisho, fungua zipu nusu. Ukisahau, utakuwa umeshona mfuko usiogeuzika, na hapo ni kufumua tu. Acha nafasi ya sentimita 7 chini ya bitana kwa ajili ya kugeuzia, na rudisha mshono mwanzo na mwisho wa nafasi hiyo, maana pale ndipo panapovutwa. Nafasi iwe kwenye mstari ulionyooka, isiwe konani. Pembe zipunguze kwa mshazari hadi milimita 2 kutoka kwenye mshono. Kwa kazi inayogeuzwa hivi mimi hushusha urefu wa kila hatua ya sindano kutoka milimita 2.5 hadi 2, kwa sababu hatua fupi haichungulii ukisukumwa kwa ndani.

Wanasesere wana kanuni yao: kwa mtoto chini ya miaka 3, macho yanatariziwa kwa uzi. Kifungo, hata kishonwe vipi, kinaweza kung'oka na kumezwa.

Vipande ambavyo havitoshi hata kipochi navipanga juu ya kitambaa kimoja cha chini na kuvishikiza kwa bandi, yaani mshono wa mkono wa kuingiza na kutoa sindano, mstari baada ya mstari. Wanawake wa Bengali wanaziunganisha sari kuukuu kwa namna hiyo wanaposhona kantha, mablanketi yao ya matabaka. Matabaka mepesi yakishikana kwa bandi nyingi yanakuwa kitambaa kimoja chenye nguvu. Makombo madogo kabisa yanajaza kimto cha pini. Yashindilie mpaka kimto kiwe kigumu, kwa kuwa kimto laini kinaangusha pini. Ukipata sufu ghafi ni bora zaidi: mafuta yake ya asili yanasaidia sindano zisipate kutu.

Na vipo vya kutupa. Nyosha kipande mbele ya mwanga. Ukiona sehemu nyepesi kuliko nyingine, kibane kwa vidole gumba viwili na ukivute kwa nguvu. Kikitoa mlio wa kuchanika, kitumie kufutia vumbi. Kilichobaki salama kifue, kikaushe, kipige pasi kabla ya mkasi kukigusa, kwa sababu pamba ambayo haijafuliwa itasinyaa baadaye, na zawadi itajikunja mikononi mwa uliyempa.