Mbegu Haihitaji Jua Ili Iote

Wiki iliyopita mama mmoja alinijia na karatasi ya mtihani wa mwanawe wa gredi ya pili, mtihani aliofanyia tuisheni. Swali lilisema: taja vitu vitatu ambavyo mbegu huhitaji ili iote. Mtoto kaandika maji, hewa, joto. Vitu viwili vimepigwa mkato wa wino mwekundu, na pembeni kaandikiwa jibu "sahihi": maji, jua, udongo. Mama akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, ni wewe uliyemfunza hivi?"

Ni mimi. Na mtoto yuko sawa. Nafundisha watoto wadogo hapa Lamu mwaka wa 14 sasa, na kila mwaka lazima nikae chini na mtoto aliyeambiwa amekosea kwa kusema alichokiona kwa macho yake. Safari hii nimechoka, ndiyo maana naandika.

Wanaokosoa ni watu wa pwani, na hilo ndilo linalonisikitisha zaidi. Nani kati yetu hajaona nazi ikiota kwenye pembe ya jiko? Hakuna aliyeifukia, hakuna aliyeimwagilia, jua haliijui, na bado imetoa kikuti cha kijani juu na mizizi pembeni. Ukiivunja unakuta joya, lile donge laini kama sifongo, limejaa ndani, na watoto wanaligombania. Na pojo, yaani ndengu au choroko, je? Umeloweka usiku, ukafunika sufuria, mambo yakakuzidi hukupika. Siku ya pili kila punje ina mkia mweupe. Ndani ya sufuria iliyofunikwa jua limeingilia wapi?

Kuota ni jambo moja na kukua ni jingine. Mbegu ni msafiri aliyefungiwa masurufu yake, chakula cha njiani. Kwenye pojo masurufu ni zile pande mbili zinazoachana ukiimenya. Kwenye nazi ni ile nyama nyeupe, na joya ndilo linaloinyonya na kuupelekea mche, miezi na miezi. Maadamu masurufu yapo, mche hauna haja ya kujipikia, kwa hiyo hauna haja ya jua. Yakikaribia kwisha ndipo majani yanapotakiwa yaanze kazi, na hapo bila mwanga hakuna maisha. Ziko mbegu ndogo mno, kama za aina fulani za saladi, ambazo husubiri mwanga ndipo ziote, kwa sababu masurufu yake ni haba na zikiotea chini sana hazifiki juu. Lakini pojo, kunde, maharagwe na mahindi, ambazo ndizo tunazotumia darasani, zinaota gizani bila shida.

Jaribio lenyewe ni rahisi. Makopo, pamba, pojo za dukani. Weka punje kumi kila kopo, si moja. Mwalimu anayeweka punje moja anacheza bahati nasibu: ikiwa imeliwa na fukusi, darasa zima litaondoka likiamini kwamba dirishani mbegu haioti. Kopo moja kavu, moja lenye pamba mbichi dirishani, moja lenye pamba mbichi kabatini. Maji ya kiasi kile kile, siku ile ile.

Sasa kabati, maana hapa ndipo walimu wengi wanapoharibu. Siku ya tano tunafungua, na watoto wanapiga kelele. Miche ya kabatini ni mirefu kuliko ya dirishani, mara nyingine mara mbili. Mwaka huu msichana mmoja alipima kwa uzi, akaunyoosha mbele ya wenzake, akatangaza: "Wa kabatini umeshinda!" Darasa likapiga makofi.

Nawajua walimu ambao kopo la kabatini hulificha ifikapo hapo, kwa sababu "litawachanganya watoto". Nimeona hata kopo likinyimwa maji kusudi, ili miche ife na maneno ya ubaoni yatimie. Hilo silikubali kabisa. Mtoto wa miaka saba ameona kwa macho, amepima, amesema kweli. Ukimfundisha kwamba alichokiona ni aibu, umemvunja moyo wa sayansi kabla hajaanza.

Ninachofanya ni kuwasogeza karibu. Tazameni shina. La dirishani ni fupi, nene, kijani. La kabatini ni jeupe kama uzi wa kushonea, ukilipuliza linalala. Shingo imejikunja kama ndoana, na majani yake mawili ni madogo, ya manjano, yamefumbana bado. Huu mche unautafuta mwanga. Masurufu yote umeyatumia kurefuka, kwa matumaini kwamba juu huko kuna jua. Aliye chini ya udongo hufanya vivyo hivyo, naye akitoka nje hupona. Wa kabatini hatoki nje popote.

Kisha nauliza: mwenye urefu ndiye mwenye afya? Wanabishana, na mimi nawaacha wabishane. Nakiri kuwa wapo wanaotoka darasani siku hiyo bado wanasema wa kabatini umeshinda. Siwalazimishi. Siku ya kumi au ya kumi na mbili miche ya kabatini huanguka yenyewe, na hapo hawahitaji maneno yangu.

Joto ndilo linalonipa taabu. Hapa kwetu joto halikosekani mwaka mzima, basi mtoto atajuaje kwamba linahitajika? Wengine huliruka tu. Mimi huomba nafasi kwenye friji ya duka la jirani. Lakini angalia: friji ikifungwa ina giza. Ukililinganisha kopo la friji na la dirishani, umebadilisha vitu viwili kwa pamoja na jibu lako halina maana. Lilinganishe na la kabatini. Hii mimi mwenyewe nilikosea miaka, mpaka mtoto mmoja aliponiuliza kama taa ya friji huwaka mlango ukifungwa.

Hewa siridhiki nayo hadi leo. Vitabu vinasema zamisha mbegu majini, hazitaota kwa kukosa hewa. Pojo nilizozizamisha zilitoa ncha ya mzizi kabla hazijaoza, kwa sababu majini nako imo hewa kidogo iliyoyeyuka. Kuyachemsha maji, kuyapoza na kumwaga mafuta juu husaidia, lakini mtoto mdogo akiona mafuta ataamini mafuta ndiyo yaliyoua. Kwa gredi ya kwanza na ya pili nimeacha. Nawaonyesha zilizozama zilivyooza na kunuka, tunaendelea.

Udongo nao. Watu husema mmea "unakula" udongo. Katika karne ya 17 tabibu mmoja wa Brussels, Jan Baptist van Helmont, alipanda mche wa ratili tano (ratili ni karibu nusu kilo) ndani ya ratili 200 za udongo mkavu, akaumwagilia maji tu kwa miaka mitano. Mti ukafika ratili 169. Udongo ulipokaushwa na kupimwa tena ulikuwa umepungua wakia mbili hivi, kama gramu 60 tu. Yeye akasema basi mti wote ni maji, na hapo alikosea, maana sehemu kubwa ya mwili wa mti hutokana na hewa, kwa msaada wa mwanga. Lakini kuhusu udongo mizani yake ilitosha: mmea hauufanyi chakula, huchota humo madini kidogo tu, na hushikilia mizizi humo. Ndiyo maana pojo kwenye pamba zinaota vizuri na baada ya wiki chache zinadhoofu.

Mwaka juzi nilimwagilia kopo moja maji ya bahari. Hakuna punje iliyoota, nami nikaandika ubaoni: mimea hutaka maji matamu. Mvulana wa nyuma, babake mkata boriti za mikoko, akanyoosha mkono. "Na mikoko je, mwalimu?" Nikafuta ubao. Jumamosi tukaenda ufukweni maji yakiwa yamekupwa. Mchu, aina moja ya mikoko, una chembe za chumvi juu ya majani, watoto walizilamba wakakunja nyuso. Mkoko wenyewe ulikuwa na watoto wake wananing'inia matawini kama fimbo za kijani, urefu wa mkono: mbegu zilizokwisha kuota zingali juu ya mama yao, hazijagusa tope. Nikawauliza udongo uko wapi, wakacheka.

Yule mama wa karatasi ya mtihani nilimwambia asiende kugombana na mtu. Achukue pojo kumi, pamba na bakuli, afunike, ampe mwanawe ampelekee aliyemsahihisha, wafunue pamoja siku ya tatu. Jana kaniambia zimeota zote isipokuwa moja. Kopo letu la kabatini la mwaka huu halijaanguka bado. Nimelitoa leo asubuhi na kuliweka dirishani, na nimewaambia watoto wayatazame yale majani ya manjano kesho kabla ya kengele ya kwanza.