Seli ya haidrojeni inayopumua yenyewe ipimwe kwenye hewa iliyotulia

Seli ya haidrojeni huunganisha haidrojeni na oksijeni ya hewa ikatoa umeme na maji. Zile za mabasi na magari huwa na kompresa ya kusukuma hewa ndani. Hizi ninazosanifu mimi hazina. Upande wa kathodi, yaani ule unaopokea oksijeni, uko wazi, hewa inaingia yenyewe, na maji yanayotengenezwa yanatoka kama mvuke kupitia matundu yaleyale. Kwa mtambo mdogo wa kuwasha redio ya upepo au kituo cha kupima hali ya hewa porini, ni mpango mzuri sana: hakuna kelele, hakuna pampu ya kuharibika, hakuna feni ya kula umeme. Ila hewa ya mahali seli ilipo inakuwa sehemu ya mtambo, na msanifu hana namna ya kuikwepa.

Matatizo karibu yote hupitia kwenye maji. Utando wa polima ulio katikati ya seli hupitisha protoni (chembe za haidrojeni zenye chaji chanya) vizuri ukiwa na unyevu tu. Ukikauka, ukinzani unapanda na volti inashuka. Maji yakizidi, matone yanaziba vinyweleo vya karatasi ya kaboni inayopitisha hewa, na oksijeni haiifikii platini, kichocheo cha mmenyuko. Ampea moja ikipita kwenye seli moja kwa saa nzima hutengeneza takribani theluthi moja ya gramu ya maji. Wakati huohuo, seli ikifanya kazi kwa volti 0.6, joto inalotoa linauzidi kidogo umeme wenyewe. Kwa hiyo ukiongeza mzigo, yaani umeme unaovutwa, maji na joto vyote vinaongezeka, na mwishowe joto ndilo linaloshinda. Kwenye mita utaona volti imetulia kwa dakika kadhaa, halafu inaanza kuteleza polepole bila kukoma. Hapo utando unakauka. Ukinzani unazaa joto, joto linakausha zaidi, na dawa yake ni kupunguza mzigo mapema.

Ukubwa wa matundu nao ni mvutano. Makubwa yanaleta oksijeni nyingi, lakini yanakausha utando na kupunguza eneo la bamba lenye matundu hayo linaloigusa elektrodi na kuchukua umeme. Kwa nyanda kavu kama za Dodoma mimi huchagua matundu madogo, hata kama nguvu ya juu kabisa itapungua.

Sasa upimaji. Maabara nyingi huiweka seli ndani ya kabati la kudhibiti joto na unyevu. Kabati hilo lina feni ya kusawazisha hali ndani yake, na kwa vifaa vingi feni hiyo haina madhara. Kwa seli inayopumua yenyewe, inaharibu jaribio zima. Upepo mdogo tu unafagia tabaka la hewa iliyopungukiwa oksijeni lililotanda usoni mwa kathodi, na pia unaipoza seli. Matokeo yanapendeza, kisha seli inafungwa kwenye sanduku chini ya paa la bati na nguvu ile haionekani tena. Mimi huizungushia seli kizimba cha wavu mwembamba ndani ya kabati. Kabla seli haijaingia, nawasha kijiti cha udi humo: moshi ukipanda wima, hewa imetulia. Udi unatolewa na kabati linapitishwa hewa safi kwanza, maana moshi haufai kuigusa platini. Tena seli ipimwe ikiwa imekaa kama itakavyokaa kazini. Kathodi ikitazama chini, hewa moto inanasa pale na nguvu inashuka.

Mwinuko nao una hesabu yake. Mombasa, usawa wa bahari, kanieneo la hewa ni kama kilopaskali 101, na oksijeni humo inachangia 21 hivi. Nairobi, karibu mita 1,700 juu, kanieneo ni kama kilopaskali 83 na oksijeni 17. Kwa mzigo mdogo tofauti haisumbui. Kwa mzigo mkubwa inauma, kwa sababu hewa nyepesi inabeba joto kidogo na mvuke unapenya ndani yake kwa kasi zaidi, hivyo utando unakauka mapema.

Pwani ina adui mwingine: chumvi. Sodiamu inaingia kwenye utando na kukaa mahali pa protoni, nayo kloridi inaing'ang'ania platini na kuichochea iyeyuke. Amonia ya zizi la ng'ombe au ya choo cha shimo huushambulia utando kwa njia hiyohiyo ya sodiamu, na salfa ya moshi wa jenereta ya dizeli inaifunika platini. Kichujio kizito kingesaidia, lakini hapa hakuna feni ya kuvuta hewa ikipite, kwa hiyo kinainyima seli pumzi. Naweka wavu mwepesi wa kuzuia matone na vumbi, uso wa kathodi naupa mgongo upepo wa bahari, na bomba la moshi la jenereta nalihamishia upande wa pili wa jengo. Haya yafanyike kabla ya kuwasha mtambo, kwa sababu sodiamu ikishaingia kwenye utando, kuusuuza kwa maji matupu hakuitoi; inahitaji asidi, na kazi hiyo haifanyiki juu ya mnara wa redio.