Ada ya fidia ya Vita vya Kagera: ujumbe huo si wa kweli

Kwenye magrupu ya Tabora hurudi ujumbe uleule, hasa Julai 25, Siku ya Mashujaa, inapokaribia: mzee aliyepigana Vita vya Kagera atalipwa fidia, mradi mjukuu atume namba ya kitambulisho na "ada ya fomu" kwa simu. Si kweli. Haki ya mzee haidaiwi kwa kumtumia mtu binafsi pesa. Muulize mtendaji wa kata au mshauri wa mgambo wa wilaya. Kuuliza ni bure.

Watu wanachanganyikiwa kwa sababu ya msingi. Mwaka 1978 na 1979, Tanzania ilipopigana na Uganda, walikwenda vitani askari wa kudumu pamoja na mgambo, na mgambo wengi walirudi shambani bila pensheni. Wana haki ya kutumaini, ndiyo maana inauma mzee akiuza kuku alipe ada hiyo. Ukiupata ujumbe huu, usiusambaze. Babu akiuliza, msindikize ofisini.