4,294,967,297: Kufaulu Jaribio Si Kuwa Tasa

Jamani, ile programu ya kupima nambari tasa imenimalizia subira. Yachukua n, yapandisha 2 hadi kipeo n − 1, yagawa kwa n, baki likiwa 1 yatangaza "nambari tasa!" Na aliyeiandika hushikilia kuwa huo ni uthibitisho.

Haya, ipe 4,294,967,297, yaani 2³² + 1. Itasema tasa. Kisha chukua kalkuleta yoyote ya muuza duka wa Marikiti uzidishe 641 kwa 6,700,417. Kete za bao idadi hiyo zingepangika safu 641 sawasawa. Fermat, mwanahisabati Mfaransa wa karne ya 17, naye aliamini nambari za ukoo huu, 2 kwa kipeo cha 2ᵏ kisha ujumlishe 1, zote ni tasa, maana 3, 5, 17, 257 na 65,537 ni tasa kweli. Mwanahisabati Euler akamvunjia dai hilo kwa nambari hii mwaka 1732.

Kinachoniudhi hasa ni jibu la "ah, imebahatisha tu." Bahati gani? Ukigawa 2³² kwa nambari yetu, baki ni pungufu 1 tu ya nambari yenyewe, yaani sawa na −1. Basi 2⁶⁴ huacha 1. Kipeo n − 1 hapa ndicho 2³² chenyewe, nacho chagawika kwa 64, kwa hivyo jibu halina budi kuwa 1, tasa isiwe tasa. Ukoo mzima wafaulu hivyo. Kuujaribu kwa 2 ni kumuuliza mwizi kama ameiba. Hata Miller-Rabin, jaribio kali zaidi la aina hii, ukiipa 2 peke yake, yadanganyika vilevile. Weka 3 mahali pa 2: baki si 1, kesi imekwisha. Lakini usiigeuze 3 kuwa hirizi. Kuna 561, isiyo tasa, ambayo hufaulu kwa kila nambari utakayoijaribia isiyoshiriki kigawo nayo.

Na kama programu yako ilisema "si tasa", usishangilie bado. Kompyuta ikiwa na biti 32 tu (nafasi 32 za 0 au 1) za kuhifadhi nambari, hii hufurika ikabaki 1. Kwenye biti 64 zisizo na alama ya hasi, 2³² ikizidishwa kwa yenyewe hufurika ikawa 0, na programu yakataa. Jibu sahihi, hesabu mbovu. Tumia nambari zisizo na kikomo cha biti.

Kutafuta kigawo nako msianze 2, 3, 5, 7. Mtagawa mara 116 kabla ya kutoka. Kila kigawo tasa chake, ukikitoa 1, hugawika kwa 64. Tasa za namna hiyo hadi 641 ni 193, 257, 449, 577, 641. Mara tano.

Vitabu hupenda kuonyesha kwamba 641 = 5⁴ + 2⁴ = 5 × 2⁷ + 1, uthibitisho ukatoka kwa mistari mitatu. Mzuri, ila ni ujanja wa aliyekwisha kujua jibu. Ukoo wenyewe bado watushinda: baada ya 65,537 hakuna tasa nyingine iliyopatikana, wala aliyethibitisha kuwa haipo. Ile ya k = 20 yajulikana wazi kuwa si tasa, na hadi leo hakuna aliyeona kigawo chake hata kimoja.